Ganda Nililolifuata Kanisani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimeisimulia mara nyingi mpaka sauti yangu mwenyewe inanichosha. Tangu mwaka juzi nimewasimulia makatekista wanne kabla yako, kila mmoja alipokabidhiwa kanisa dogo la kigango chake, na kila mmoja aliitikia kwa kichwa halafu akaenda kufanya alivyotaka. Nilikuwa nimeamua kwamba basi, nimemaliza. Miaka sabini na kitu si mchezo, magoti yananiuma, na mtu akifika umri huu anastahili kuachwa aote jua lake. Lakini juzi nimesikia kwamba ulikuwa upande wa Mabamba, mzee wa watu anaumwa, anaomba asomewe sala, nawe ukamwacha kitandani ukapanda kilima kutafuta mtandao ili umpigie padre simu umwombe ruhusa. Ruhusa ya kusoma sala, mwanangu! Mzee amepona, namshukuru Mungu, kwa hiyo hakuna aliyekulaumu. Ndiyo maana mimi nimeshika kalamu. Soma polepole, maana na mimi naandika polepole.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipofanywa katekista, huko huko Kibondo. Padre wetu alikuwa mzee mpole asiyependa maneno mengi. Siku aliyonisimamisha mbele ya watu alinipa vitu vitatu: kitabu cha sala, ufunguo wa sanduku la kigango, na ganda la ubatizo, lile la baharini. Lilikuwa dogo, linaenea kwenye kiganja, jeupe lenye wekundu kidogo ukingoni, na mistari iliyotawanyika kutoka chini kwenda juu kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Padre alisema, "Hili ni la kuchotea maji ya ubatizo. Litunze." Basi. Hakusema lingine.

Yaliyobaki niliyaongeza mwenyewe. Elewa kwamba sisi wa huku juu hatukuwa tumeona bahari. Maji makubwa tuliyoyajua ni Malagarasi, na waliobahatika kufika Kigoma waliliona Ziwa. Kitu cha namna ile hakuna aliyewahi kukiokota kokote, kwa hiyo watu waliponiuliza kimetoka wapi, nikawaambia kimetoka mto Yordani. Sijui nililitoa wapi neno hilo. Nadhani nilibahatisha mara moja, watu wakaguna kwa heshima, nikaona tamu, nikalirudia. Baada ya miezi michache nilikuwa naliamini kuliko wao. Nililifunga kwenye kitambaa cheupe nikalifungia sandukuni, ufunguo nikauvaa shingoni. Kina mama walikuja kuomba walishike tu kidogo, nikawakatalia. Nilivimba kichwa, nakwambia kweli, na nilikipenda kichwa changu kikiwa hivyo.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua, karibu saa sita mchana, nami napalilia muhogo kwenye shamba letu la mbali. Jirani mmoja akaja mbio akaniambia nifike kwa Konsolata, amejifungua tangu asubuhi na mtoto hali yake mbaya. Huyo Konsolata alikuwa binti wa watu waliokimbia Burundi, ameolewa pale kijijini, na huyo ndiye mtoto wake wa kwanza. Mume wake alikuwa amekwenda Kakonko na maharage. Nilitupa jembe, nikapanda baiskeli, na dakika chache tu nilikuwa mlangoni.

Ndani walikuwepo wawili. Konsolata alikuwa amekaa mkekani na mtoto mapajani. Pembeni yake alipiga magoti Rozalia, mkunga wa kijiji, mama mtu mzima, ambaye mimi sikumpenda. Nitakwambia sababu ili unione nilivyokuwa: Rozalia alikunywa pombe ya ndizi, alijua dawa za miti, na alikuwa hajafunga ndoa kanisani. Nilimwona hafai. Alikuwa amewazalisha nusu ya watu waliokuwa wakiimba kwenye kwaya yangu, lakini hilo sikulihesabu.

Mtoto alikuwa anapumua kwa vipindi. Rozalia akaniangalia akasema, "Katekista, mtoto anakwenda huyu. Maji haya hapa." Yalikuwa kwenye kibuyu, masafi, ya kisimani.

Mwanangu, nilifundishwa cha kufanya. Kwenye semina tulikaa wiki mbili tukaambiwa wazi: kukiwa na hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kubatiza, kwa maji safi yoyote, mradi amwage maji kichwani na aseme maneno. Niliandika kwenye daftari langu na kupiga mstari chini. Na watu wa kigango niliwafundisha maneno yale Jumapili moja, wakayarudia kwa sauti. Halafu nilipofika pale penyewe nikajipapasa shingoni, nikaukuta ufunguo, nikasema, "Ganda liko kanisani. Nalifuata."

"Kanisani ni mbali," Rozalia akasema. "Katekista, mkono hautoshi?" Akakinyoosha kiganja chake nikione.

Nikamjibu kwa ukali. "Mama, wewe usiguse. Maji ya kumwaga kwa mkono hayahesabiki. Subirini ganda."

Konsolata aliinua uso. Alikuwa na umri kama wako, pengine chini yake. Akaniuliza taratibu, "Hayahesabiki kwa Mungu?"

Nikasema ndiyo, hayahesabiki. Nikatoka.

Kwenda kanisani na kurudi kwa baiskeli ni zaidi ya saa nzima njia ikiwa kavu, na siku ile ilikuwa tope jekundu tupu. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili mnyororo ulichomoka, nikaisukuma baiskeli kupanda mlima huku nasali kwa sauti, nikijiona mtumishi hodari anayepigania roho ya mtoto. Hilo ndilo linaloniumiza nikikumbuka. Nilijisikia vizuri njia nzima.

Niliporudi walikuwa wamekaa mkekani. Mtoto alikuwa amefunikwa khanga uso mzima. Nililitoa ganda kwenye kitambaa, sijui nilitaka kulifanyia nini, nikabaki nimelishika hivyo hivyo katikati ya nyumba ya watu. Rozalia aliangalia pembeni. Konsolata aliniangalia mimi, akasema maneno mawili ya kwao, "Mwana wanje," yaani mwanangu.

Ungedhani hapo ningenyamaza. Mwanangu, mtu mwenye aibu anaweza kufanya ubaya kuliko mtu mwenye hasira. Jioni ile mume wake aliporudi akaniuliza watamzika wapi, nikamjibu kwamba makaburi ya kanisa ni ya waliobatizwa. Walimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mimi nilisimama nao nikiwa na kitabu kimefungwa kwapani. Hakuna aliyelalamika. Kwetu huku katekista alikuwa mtu mkubwa, na nilichosema kilikuwa kimesemwa.

Padre alifika baada ya wiki mbili. Nilimweleza huku nikitarajia anipe pole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani na kuiweka mezani.

"Nilikufundisha nini?" akaniuliza.

Nikamjibu yote, neno kwa neno, kama yalivyokuwa daftarini.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Kikombe cha chai kingetosha. Mkono wa yule mama ungetosha. Na hata bila maji, Mungu hashindwi kumpokea mtoto mchanga. Nenda ukamwambie Konsolata kwamba ulikosea. Mimi siendi, kwa sababu mdomo uliomdanganya ni wako. Nikirudi nitakuuliza."

Hakuninyang'anya ganda. Angeninyang'anya ningepata nafuu kidogo. Na kurudi hakurudi, maana kabla ya mwezi kuisha alihamishiwa mbali, aliyekuja baada yake hakujua lolote, na mimi sikumwambia. Nilijisemea nitakwenda kwa Konsolata kesho. Kesho yake nikasema baada ya mavuno. Baada ya mavuno yeye na mume wake wakahama, watu wakasema wamekwenda upande wa Kasulu, nami nikashusha pumzi. Ndiyo, mwanangu, nilishusha pumzi. Rozalia tulikutana njiani miaka mingi, ananiamkia, "Mwakeye," namwitikia, tunapishana. Alifariki, nikaongoza mazishi yake mimi mwenyewe, nikasema maneno mazuri.

Miaka ilikwenda hivyo. Nikaoa, nikazaa, nikahamia Kasulu kwa ajili ya shule za watoto, nikazeeka. Kigango nilikiacha, ganda likapelekwa parokiani, sijui hata liko wapi siku hizi. Nilidhani jambo limeisha.

Mwaka juzi binti yangu Agnesi, ambaye ni mwalimu, alipangiwa kazi kijiji kimoja cha pwani huko Mtwara. Akaniita nikamtembelee. Safari ya basi ilinimaliza, miguu ilivimba, na niliapa kwamba nikirudi sitatoka tena. Nyumba aliyopanga ilikuwa ya Bi Mwanaidi, mama wa makamo mwenye maneno ya kuchokoza na moyo mzuri. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje kunawa uso, na pale nyuma ya jiko nikaona rundo.

Yalikuwa maganda yale yale. Madogo, ya kuenea kwenye kiganja, yenye mistari, meupe, mekundu, ya zambarau, mamia kwa mamia, yamemwagwa pamoja na maganda ya mihogo na majivu. Kuku walikuwa wanatembea juu yake. Watoto wawili walikuwa wanapika chakula cha mchezo, mchanga ndiyo ubwabwa, na wameupakua kwenye yale maganda.

Nikamuuliza Bi Mwanaidi ni nini vile. Akacheka. "Kombe hizo, mzee. Kwenu hamna? Njoo nikuoneshe." Maji yalikuwa yamekupwa. Tukatembea mpaka kwenye majani ya baharini, maji hayafiki magotini, wanawake wameinama wanaokota na kutia kwenye ndoo. Akachukua moja akaiweka karibu na macho yangu. Ilikuwa hai! Ilikuwa imeachama kidogo, na ukingoni mwa nyama yake kulikuwa na vidoa vidogo vingi vinavyong'aa, vimejipanga.

"Macho hayo," akasema.

"Yote haya?"

"Anayo mengi kuliko wewe, na yanaona vizuri kuliko yako." Akaiachia majini. Kile kidude kikafunga na kufungua maganda yake mawili upesi upesi, kikaruka ndani ya maji, kikaenda zake. Miaka yote nililihifadhi ganda kwenye kitambaa na sikuwahi kujiuliza kama kuna aliyeishi ndani yake.

Tuliporudi nikamuuliza wanayafanyia nini maganda. "Tunayatupa," akasema. "Nyama tunakula, ganda la nini?"

Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko lake nikalia. Mzee mzima, mgeni wa watu, nalia mbele ya kuku. Bi Mwanaidi alishtuka, akadhani nimepata habari ya msiba. Ikabidi nimwambie. Nilimsimulia yote, kibuyu, baiskeli, migomba, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hili kwa mtu tangu siku ile ya padre. Alisikiliza huku mikono imetulia.

"Mimi si wa dini yako, mzee wangu," akasema, "sitii mdomo kwenye ibada zenu. Ila nakuuliza, huyo mama yu hai?"

"Sijui."

"Hujui?" Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyemwaga unga. "Basi hapa unamlilia nani?"

Nimekemewa na mapadre, nimekemewa na mke wangu, Mungu amrehemu, ambaye alijua kukemea. Hakuna aliyenipata kama yule mama.

Niliporudi Kasulu nilianza kuuliza. Haikuchukua wiki mbili kumpata, na hapo ndipo niliona aibu upya, maana alikuwa anaishi nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Manyovu, sehemu ambayo nimepita kwa miaka. Alikuwa mjane sasa, raia wa Tanzania kwa karatasi, na wajukuu wanamwita Bibi Konsolata. Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Alinitambua kabla sijafika karibu.

"Katekista," akasema, akanisalimu kwa lugha ya kwao, "Amahoro."

Nilipiga moyo konde. Sikukaa hata kwenye kiti alichonipa, kwa sababu niliogopa nikikaa nitaanza habari za mvua. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mtoto. Nikamwambia kwamba siku ile nilimdanganya, kwamba hata ganda halikutoka Yordani, kwamba mkono wa Rozalia ungetosha, kwamba niliambiwa nije nimweleze nikaogopa, na kwamba mtoto wake alikosa maji kwa sababu ya majivuno yangu.

Aliendelea kupukuchua. Nilidhani hajasikia vizuri.

"Hakuyakosa," akasema.

"Nini?"

"Ulipopinda kule kwenye mikaratusi tu, tulimmwagia. Mimi nilishika kichwa, Rozalia akamwaga kwa mkono, mara tatu, akasema maneno yale uliyotufundisha. Tulimpa jina Daudi. Alikuwa bado anapumua."

Kiti kilikuwepo, nikakikalia. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia, siku ile au siku ya mazishi.

"Ulisema hayahesabiki," akajibu. "Tuliona tumefanya kosa. Rozalia alisema ukijua utamtangaza kanisani. Tukaapishana kunyamaza." Akayasukuma maharage pembeni. "Kila mwezi wa kumi na moja watu wakiandika majina ya marehemu wao ili yasomwe kwenye misa, niliandika mama, niliandika baba, nikaandika mume wangu alipofariki. Daudi sikumwandika. Sikujua kama anaruhusiwa."

"Anaruhusiwa," nikasema. "Yalihesabika. Yalihesabika tangu saa ile ile."

Akaniangalia. "Una hakika?" akauliza. "Au ni maneno ya Yordani?"

Nilistahili. Nikamwambia nina hakika, na asiponiamini mimi twende kwa padre. Akasema twende. Alibadilisha khanga, tukatembea wazee wawili mpaka parokiani, tukipumzika kila baada ya hatua chache, na padre wa sasa, kijana wa kuweza kuwa mjukuu wetu, akamthibitishia kila kitu. Konsolata hakulia. Alimwomba karatasi na kalamu, akaandika jina la Daudi mwenyewe, akamkabidhi padre. Tulipotoka nje ndipo akaniambia neno la mwisho juu ya jambo hili. "Rozalia alipokuwa anaumwa nilikwenda Kibondo kumwona. Aliniuliza, 'Konsolata, hivi yale maji yalifika?' Nikamwambia sijui."

Hilo, mwanangu, sina wa kumpelekea. Konsolata nimemfikia, nimechelewa lakini nimemfikia. Rozalia alikufa akiwa na swali ambalo mimi nilikuwa na jibu lake daftarini, na tulikuwa tunapishana njiani.

Kwa hiyo sikia ninachokuambia, maana sidhani nitaandika tena. Niliowasimulia huzungumza kana kwamba kosa langu lilikuwa kulipenda ganda. Ganda ni kitu kizuri, na ukilikuta parokiani litumie kwa furaha. Kosa langu ni kwamba wanawake wawili walifanya jambo jema kabisa, jambo nililowafundisha mwenyewe, kisha wakalificha kama wizi kwa kuniogopa mimi. Ukiwa na kazi ya kuhudumia watu, chunguza hilo kwanza. Jiulize ni mangapi mema wanayafanya wakisubiri uwape kisogo. Kama ni mengi, wewe ndiye mzigo wao.

Ukiitwa kwa mgonjwa, ingia, kaa, fanya linalowezekana kwa kilichopo. Simu ya padre utapiga ukishamaliza. Na kama yupo mtu mwingine ndani ya nyumba ambaye anaweza kufanya kabla yako, mwache afanye, hata kama humpendi, hata kama ananuka pombe ya ndizi. Ukikosea, sema wiki hiyo hiyo. Usingoje mavuno. Aibu ya siku moja unaimaliza kwa siku moja, lakini mimi nimetembea na yangu tangu ujana mpaka magoti yamekwisha, na bado nusu yake imebaki mikononi mwangu.

Nimechoka, mwanangu, acha nikubariki nikalale. Mungu akupe miguu isiyokwepa nyumba ya mtu, na mdomo ambao maskini hawauogopi. Awaweke wote uliokabidhiwa, wakubwa na wale wasiofikisha hata siku moja. Akujalie kufika mapema kila unapoitwa, na siku utakayochelewa, akujalie ukute watu hawakukungoja.